Hapa Hapana

Saa tatu tulishuka kwenye gari la manispaa, watu sita
na ramani iliyokunjwa mpaka ikachanika katikati ya Moshi.
Mimi ndiye karani. Kalamu nyekundu ilikuwa yangu.

Kwanza, ukingoni mwa msitu wa Rau.
Mhandisi Lyatuu alipima hatua mia mbili,
akachimbua kwa kisigino, na kishimo kikajaa maji
kabla hajamaliza kusema "panafaa".
Tulicheka. Yeye hakucheka. Nikatia alama:
hapa hapana.

Kisha Shirimatunda, kiwanja cheupe, nyasi fupi,
njia pana, lori lingegeuka bila kunung'unika.
Tulikwisha kunja tepu
alipotoka Mama Ndeonansia na jani la isale mkononi.
Hakupiga kelele. Hakutaja mwanasheria.
Alilichomeka udongoni, mbele ya kiatu cha mwenyekiti:
"Mmesimama juu ya baba mkwe."
Mwenyekiti akarudi nyuma hatua moja.
"Na hapa?"
"Hapo ni mdogo wake."
Hapa hapana.

Kwenye mitaa ya mageti na mbwa wenye majina
hatukushuka. Barua zilikuwa zimetutangulia, tatu, zenye mihuri,
moja ina nakala kwa watu ambao majina yao husomwa kwa kusimama.
Dereva alipunguza mwendo kama apitaye msibani.
Niliandika gari likiwa linakwenda,
ndiyo maana alama ile imepinda.

Saa nane Mlima ulikwisha jifunika shuka lake.
Ramani ilikuwa na madoa kama mtoto mwenye tetekuwanga,
isipokuwa kipande kimoja, kusini mwa reli, kupita Pasua.
Hakuna barua. Hakuna isale.
"Hawa hawana pingamizi," alisema mwenyekiti,
nami nikaanza kufunika kalamu.

Ndipo likaja guta, na nyuma yake Mbonea,
analisukuma kwa kifua, limejaa maganda ya Mbuyuni,
nepi, chupa, kiatu cha mguu mmoja.
Namfahamu. Alhamisi hupita kwangu.
Kwa makopo ya maziwa alijua nimeacha kunyonyesha
mama mkwe wangu akiwa bado hajajua.

"Unaishi wapi?"
Alionyesha kwa kidevu: mabati matatu, kamba,
soksi za shule zimeanikwa, nyeupe,
nyeupe kabisa, katika vumbi lile.
"Mbona hukuleta barua?"
"Niilete wapi, mama? Kwenu mimi huingilia nyuma,
tena nikiwa na pipa."

"Andika, karani," akasema mwenyekiti.
"Muhtasari lazima uwe na mahali."

Bibi yangu, kule Kibosho, hakuwa na guba.
Ganda lilikwenda kwa ng'ombe, samadi kwa mgomba,
mgomba ukarudi chunguni.
Lakini bibi hakununua nepi, wala maji ya chupa,
na siwezi kuurudisha mji mzima kihambani.
Najua. Taka ipo, inanuka, leo kuliko jana,
na lori lazima ligeukie mahali.

Nilishindwa jambo moja tu:
kuandika "hawana pingamizi"
mahali ambapo hakuna aliyeulizwa.
Nikaifunua kalamu. Alama ile niliichora polepole,
mkono ukinitetemeka, naona aibu kusema.

"Sasa wapi?" Lyatuu aliuliza, si kwa ukali.
Sikuwa na jibu. Tulimtazama Mbonea,
naye akalitazama guta lake.
"Hata mimi sijui," akasema. "Ila mkirudi kuuliza,
njooni alfajiri, kabla sijatoka."

Tulirudi ofisini bila kusemeshana.
Nyuma ya kantini pipa limefurika.
Nzi wamekaa kikao juu ya karatasi zetu,
wanapitia muhtasari wa mwezi uliopita.